Kwani nimekutaja? Hotuba kuhusu tuhuma ya kuwadekeza wahalifu

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, hamjambo.

Nianze na Bibi. Leo hayupo, miguu inamsumbua, ila amenipa ruhusa nimsimulie. Bibi huyu alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa hapa St. Louis, na Kiingereza chake ni cha salamu na cha dukani. Msimu mmoja wa uchaguzi alinisimamisha mlangoni kwao, akachomoa kwenye kitenge karatasi moja ngumu, ya kung'aa, zile wanazotujazia kwenye masanduku ya barua. Akanionyesha picha. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu ameua nani?"

Nikaitazama. Uso wa mwanamume mweusi, umetiwa giza kuliko rangi aliyozaliwa nayo, macho kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nyuma yake taa za gari la polisi, na ule utepe wa manjano wanaozungushia mahali palipomwagika damu. Maandishi makubwa yalisema mtu huyu ni hatari kwa familia yako. Nikamwambia, "Bibi, huyu hajaua mtu. Huyu anagombea. Anakuomba kura."

Bibi akaitazama tena karatasi, akanitazama mimi. "Sasa mbona wamemfanya hivi?"

Mimi ni mkalimani wa mahakama. Kazi yangu ni kulichukua neno upande huu na kulifikisha upande ule bila kulipunguza wala kulitia chumvi, na nimeifanya kwa miaka mingi kiasi cha kuamini kwamba pasipo mimi watu hawaelewani. Siku ile nilijiona sina kazi. Bibi hakusoma hata neno moja la karatasi ile, na ujumbe ulimfika wote.

Sisi wa lugha hii hatuhitaji mwalimu wa jambo hili. Tumelelewa kwenye mafumbo. Mama anajifunga kanga yenye maneno makali, anapita mbele ya nyumba ya jirani mara tatu asubuhi moja. Jirani akilalamika, anajibiwa, "Kwani nimekutaja?" Taarabu ya mipasho imesimama juu ya swali hilohilo. Mwimbaji hataji jina, ukumbi mzima unajua anaimbwa nani, na atakayeinuka kujibu amejitaja mwenyewe. Mpiga fumbo ana mlango wa kutokea. Mpigwaji hana.

Katika siasa za Marekani, fumbo kubwa la miaka sitini hii ni hili: fulani anawadekeza wahalifu. Halimtaji mtu kwa rangi yake. Ukiuliza rangi imeingiaje hapo, unaambiwa wewe ndiye uliyeileta.

Nitawaambia mapema ninachokiamini, ili mnipime nacho. Tuhuma hiyo yenyewe haina rangi. Mwenye madaraka anaweza kweli kuwa mzembe, akaachia mtu wa hatari, na wananchi wana haki ya kumuuliza kwa ukali. Kwa hiyo mimi siwatumi mkatafute neno baya kwenye hotuba ya mwanasiasa, kwa sababu hamtalipata. Wanaoandika mambo haya ni watu wenye akili. Tazameni nani amebandikwa tuhuma, kwa kosa gani, halafu mtafute nani mwingine alifanya lilelile asibandikwe.

Tuanze hapa nyumbani, Missouri. Ronnie White ni mtoto wa St. Louis. Mwaka 1995 Gavana Mel Carnahan alimteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Missouri, mtu mweusi wa kwanza kuketi pale. Mwaka 1997 Rais Clinton akampendekeza awe jaji wa mahakama ya shirikisho. Alisubiri zaidi ya miaka miwili. Kisha, Oktoba 1999, seneta wa jimbo hilihili, John Ashcroft, akasimama Seneti akasema kwamba White ni mtu wa kuwapendelea wahalifu. Tarehe 5 Oktoba wakapiga kura: 54 wakamkataa, 45 wakamkubali. Waliomkataa wote walikuwa wa Republican, chama cha Ashcroft.

Haya, tumpime. Kesi za adhabu ya kifo zilizopita mbele ya White zilikuwa 59. Katika 41 kati ya hizo alikubali hukumu ya kifo ibaki. Ni karibu saba katika kila kumi. Ukiniambia mtu aliyetia mkono wake watu 41 wauawe ni mpole, nitakuomba unionyeshe mkali. Tena baadhi ya majaji waliokuwa wameteuliwa na Ashcroft mwenyewe, alipokuwa gavana, walikuwa wametengua hukumu za kifo kwa kiwango kama chake au kuzidi. Hao hakuna aliyewaita watetezi wa wauaji.

Kesi iliyomponza ilikuwa ya James Johnson. Mwaka 1991 Johnson aliwaua maafisa watatu wa polisi na mke wa sherifu mmoja. Ni unyama, na familia zile zilikuwa na kila haki ya kutaka kuona mwisho wake. Mawakili wake walimtetea kwa kusema kwamba vita vya Vietnam vilimharibu akili, na wakaliambia baraza la mahakama, wale raia wanaoamua kesi, kwamba alizungushia nyumba kamba na makopo kama askari anayejihami porini. Ikaja kudhihirika, mbele ya baraza lilelile, kwamba kamba na makopo hayo viliwekwa na polisi. Utetezi mzima ukaanguka chini kama gunia, kwa sababu mawakili hawakujisumbua kuuliza. White alisema mtu aliyetetewa namna ile hakutetewa, kesi isikilizwe upya. Na papo hapo akaandika kwamba kama Johnson alikuwa na akili timamu siku ile, basi kifo kinamstahili. Wenzake hawakukubaliana naye, na Johnson aliuawa Januari 2002. Nimekaa pembeni ya washtakiwa wengi, na nimewaona mawakili waliokutana na mteja wao kwa mara ya kwanza kwenye korido, dakika kumi kabla ya jaji kuingia. Siwezi kumwona jaji anayelikasirikia jambo hilo kuwa mdekezaji.

Kwa nini basi? Mwaka 2000 Ashcroft alikuwa anatetea kiti chake, na mpinzani wake alikuwa Carnahan, gavana yuleyule aliyemteua White. Na Januari 1999 Carnahan alikuwa amejipa kidonda cha kisiasa: Papa John Paul II alikuja St. Louis, akamwomba amsamehe Darrell Mease asiuawe, na Carnahan akambadilishia adhabu ikawa kifungo cha maisha. Mease alikuwa ameua watu watatu. Ni mzungu. Lawama zilikuwepo, lakini zilibaki kwenye uamuzi ule mmoja. White, mwenye hukumu 41, akapewa tabia nzima.

Mimi siwezi kuingia moyoni mwa Ashcroft, na yeye siku zote amekana kwamba rangi ilihusika. Ninaziona tu namba na ninaona picha. Aliposhindwa Seneti, alikwenda kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani. White aliingia mahakama ya shirikisho Julai 2014, kwa kura 53 dhidi ya 44, akiwa amesubiri miaka kumi na mitano tangu alipokataliwa.

Mnaweza kudhani tuhuma hii huwapata viongozi weusi peke yao. Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Maarufu kuliko zote ilimwangukia mtu mweupe, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki, Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts, aliyegombea urais kwa chama cha Democratic. Julai 1988, baada ya mkutano mkuu wa chama chake, kura moja ya maoni ilimweka mbele ya George Bush, yule baba, wa Republican, kwa pointi 17. Novemba alipata majimbo 10 tu na mji wa Washington. Yalitokea mengi katikati, lakini watu wanakumbuka jina moja: Willie Horton.

Horton alifungwa maisha kwa mauaji ya kijana wa miaka 17, mhudumu wa kituo cha mafuta, yaliyotokea mwaka 1974. Massachusetts ilikuwa na mpango wa kuwapa wafungwa ruhusa ya kutoka kwa siku chache. Juni 1986 Horton alipewa ruhusa ya namna hiyo, hakurudi. Aprili 1987, huko Maryland, alivamia nyumba, akamkata mwanamume kwa kisu na kumbaka mchumba wake. Hayo ni kweli, na ni mabaya kama yanavyosikika. Tena gavana aliwahi kupata nafasi ya kuuzuia mpango ule kwa wauaji: mwaka 1976 Bunge la jimbo lilipitisha sheria hiyo, Dukakis akaikataa. Ana swali la kujibu, na alilijibu vibaya. Hata aliyeanza kulisema hadharani alikuwa wa chama chake mwenyewe, Al Gore, kwenye mdahalo wa New York Aprili 1988, ingawa Gore hakumtaja Horton kwa jina.

Lakini tazameni kilichoachwa. Mpango ule ulianzishwa mwaka 1972, chini ya gavana wa Republican. Majimbo mengine mengi yalikuwa na mipango ya aina hiyo, na serikali ya shirikisho, ambayo Bush alikuwa makamu wa rais wake, ilikuwa na wake. California ilikuwa na wake wakati Ronald Reagan ni gavana. Na kufikia Septemba 1988, tangazo la Horton lilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, Dukakis alikuwa ameshasaini sheria ya kuufuta kwa wauaji, tangu Aprili. Tangazo jingine, la kampeni ya Bush yenyewe, liliwaonyesha wafungwa wakiingia na kutoka gerezani kwenye lango la kuzunguka, sauti ikizungumzia wauaji waliopewa ruhusa huku maandishi yakisema 268 wametoroka. Kweli walitoroka 268, kwa miaka mingi. Wauaji wa kifungo cha maisha miongoni mwao walikuwa wanne.

Halafu jina. Mtu yule hakuwa akijiita Willie. Yeye ni William, na ndivyo waliomjua walivyomwita. "Willie" lilitengenezwa kwa ajili ya kampeni, na mtu yeyote aliyekulia Kusini mwa Marekani anajua mzungu alimwita nani kwa vijina vya kitoto vya namna hiyo, hata awe mzee mwenye wajukuu. Tangazo halikusema "mtu mweusi". Liliweka picha ya polisi, uso na nywele, kwa sekunde chache, likataja mwanamke. Kwani tumemtaja?

Fundi mkuu wa kampeni hiyo, Lee Atwater, alikuwa ameeleza ufundi wenyewe mwaka 1981, alipohojiwa na mtaalamu wa siasa, akidhani jina lake halitatajwa. Alisema mwaka 1954 ulilitumia lile tusi la watu weusi wazi, tena na tena. Kufikia 1968 tusi linakuumiza wewe mwenyewe, kwa hiyo unazungumzia mabasi ya kuwachanganya wanafunzi weusi na weupe shuleni, na haki za majimbo. Baadaye unapanda juu zaidi, unazungumzia kupunguza kodi, jambo la hesabu tupu, ila watakaoumia zaidi ni weusi. Kuwa mkweli, pale alikuwa akizungumzia uchumi, si uhalifu. Lakini ufundi ni mmoja. Atwater alifariki Machi 1991 kwa uvimbe kwenye ubongo, ana miaka 40, na kabla ya kufa aliomba radhi kwa ukatili wa mambo aliyosema dhidi ya Dukakis. Huwa napata shida na radhi hiyo. Ninaipokea, maana mtu anayekufa si wa kuchezewa. Ila ufundi wenyewe haukuzikwa naye.

Wala haukuzaliwa naye. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Johnson alisaini Sheria ya Haki za Kiraia. Wiki mbili baadaye, tarehe 16, Barry Goldwater, aliyeipigia sheria hiyo kura ya kuikataa Seneti, alipokea uteuzi wa kugombea urais na kuzungumzia vurugu za mitaani. Alishindwa vibaya. Mwaka 1968 George Wallace, aliyeapa akiwa gavana wa Alabama kwamba utengano wa rangi utadumu milele, alizunguka nchi akihubiri sheria na utulivu, akashinda majimbo matano. Nixon alihubiri hayohayo kwa sauti ya chini, akashinda nchi.

Sasa kuna kaka pale mbele ananitazama kwa jicho la kunishuku, na najua anataka kusema nini. Anataka kusema: lakini uhalifu ulikuwepo! Kweli ulikuwepo. Kati ya 1960 na 1970 kiwango cha uhalifu wa kutumia nguvu nchini hapa kilizidi maradufu, kutoka makosa kama 160 kwa kila watu 100,000 hadi zaidi ya 360. Mwaka 2020 mauaji yaliongezeka kwa karibu asilimia 30 ndani ya mwaka mmoja, kwenye miji inayoongozwa na Democratic na inayoongozwa na Republican vilevile. Fumbo zuri husimama juu ya ukweli. Lisiposimama juu ya ukweli halimchomi mtu.

Na wanaoumia kwanza ni nani? Hapa St. Louis hamhitaji niwaambie nani anazikwa. Akina mama weusi wa upande wa kaskazini wa mji huu wanataka polisi waje wanapowaita, na waje haraka. Mwaka 2020, miezi ileile ya maandamano ya George Floyd, shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani weusi kama wanataka polisi wakae mitaani kwao kwa muda uleule, zaidi, au pungufu. Asilimia 81 walisema uleule au zaidi. Kwa hiyo anayesema kwamba kuzungumzia uhalifu ni ubaguzi, huyo naye hajawauliza wenyewe. Mtu anaweza kutaka polisi wake na kutotaka mwanawe auawe na polisi huyo. Sioni ugumu hapo. Fumbo ndilo linalolazimisha uchague moja.

Linafanyaje kazi kichwani? Watafiti wawili wa Los Angeles, Franklin Gilliam na Shanto Iyengar, waliwaonyesha watu taarifa ya habari ya televisheni yenye kisa cha uhalifu. Kundi moja liliona picha ya mshukiwa mzungu, jingine liliona tukio lilelile na mshukiwa mweusi, na jingine halikuonyeshwa mshukiwa kabisa. Baadaye wakawauliza walichokiona. Katika lile kundi lisiloonyeshwa mtu, zaidi ya asilimia 60 walisema wamemwona mshukiwa. Na kati ya hao walioona kisichokuwepo, asilimia 70 walisema alikuwa mweusi.

Nawaomba mlitafakari hilo kidogo. Hakuna aliyewaonyesha mtu. Walimleta wenyewe kutoka nyumbani. Mwanasiasa akishajua kwamba umekuja na picha yako mfukoni, hana haja ya kuchapisha yake.

Na anayetuhumiwa hufanya nini? Hili ndilo linaloniumiza kuliko matangazo yenyewe. Baada ya Dukakis, wanasiasa wa chama chake waliapa kwamba hawataitwa walegevu tena. Januari 1992 Bill Clinton, gavana wa Arkansas, aliacha kampeni yake New Hampshire akarudi kwao kusimamia kuuawa kwa Ricky Ray Rector. Rector, mtu mweusi, alimuua polisi mwaka 1981, kisha akajipiga risasi kichwani. Alipona, lakini sehemu ya ubongo wake ilikuwa imekwenda. Siku ya kuuawa alikula chakula chake cha mwisho, akabakisha kipande cha keki ya njugu. Akasema atakila baadaye.

Mwaka 1994 Clinton huyohuyo alisaini sheria kubwa ya uhalifu: fedha za askari 100,000, karibu dola bilioni 10 za magereza. Wabunge wengi weusi waliipigia kura ya ndiyo, baadhi kwa sababu mitaa yao ilikuwa ikiungua na waliahidiwa pia fedha za vijana. Miaka minane kabla yake, 1986, Bunge lilikuwa limepitisha, kwa vyama vyote viwili kushindana nani mkali zaidi, kwamba gramu 5 za kokeini ya kuvuta, ile inayoitwa crack, zihesabiwe kama gramu 500 za kokeini ya unga: miaka mitano jela, jaji asiwe na la kusema. Dawa ni ileile. Ya kuvuta ndiyo polisi walikuwa wakiwakamatia vijana weusi, na waliofungwa na mahakama za shirikisho kwa ajili yake, zaidi ya wanane katika kumi walikuwa weusi. Iliwachukua hadi 2010 kupunguza uwiano, na hawakuufuta: wakaufanya 18 kwa moja. Ukiuliza kwa nini 18, hakuna sayansi. Ni namba waliyokubaliana watu wanaoogopa karatasi ya kung'aa.

Nirudi kwenye kipimo changu, maana nimewaahidi. Novemba 2013 Rais Obama alimpendekeza Debo Adegbile, mwanasheria mwenye baba Mnigeria, aongoze idara ya haki za kiraia kwenye Wizara ya Sheria. Seneti ilimkataa tarehe 5 Machi 2014, na safari hii hata Democratic kadhaa walijiunga na waliomkataa. Kosa lake: shirika la kisheria alilofanyia kazi lilimwakilisha kwenye rufaa Mumia Abu-Jamal, aliyehukumiwa kwa kumuua polisi wa Philadelphia. Kuna mwanasheria mwingine ambaye, kwa hiari yake na bila malipo, alitoa saa zake 25 kumsaidia mtu wa Florida aliyekuwa akisubiri kifo kwa kuua watu wanane. Mwaka 2005 Seneti ilimpa kura 78. Anaitwa John Roberts, na ndiye Jaji Mkuu wa Marekani. Nami nasema alifanya vizuri kumsaidia yule mtu. Adegbile naye alifanya vizuri.

Ketanji Brown Jackson mnamkumbuka, Machi 2022. Mwanamke mweusi wa kwanza kupendekezwa Mahakama ya Juu, na Seneta Josh Hawley wa hapahapa kwetu akaja na hoja kwamba amewahurumia wenye picha chafu za watoto. Hukumu zake zilikuwa za kawaida, zinazofanana na za majaji wengine nchini, wakiwemo baadhi walioteuliwa na rais wa chama cha Hawley. Hata mwendesha mashtaka wa zamani aliye mhafidhina, Andrew McCarthy, aliandika kwamba tuhuma ile haina msingi. Seneta mwingine, Tom Cotton, alisema Jaji Jackson wa zamani alikwenda Nuremberg kuwashtaki Wanazi, huyu huenda angekwenda kuwatetea. Alipata kiti, kwa kura 53 dhidi ya 47. Lakini mama mmoja niliyekuwa nikimtafsiria wiki ile aliniuliza, kwa hofu ya kweli, kama ni kweli jaji mpya anawapenda wabakaji wa watoto.

Sasa nigeuke kwetu, na mniwie radhi.

Nimekaa kwenye meza zetu za harusi na misiba, nimesikia tunavyozungumza. "Weusi wa hapa." "Hawa hawapendi kazi." "Usihamie mtaa ule, kuna wao wengi." Tunalisema kwa Kiswahili, tukiamini kwamba fumbo la karatasi halituhusu, maana sisi tumekuja juzi na sisi ni wachapakazi. Tunasimama upande wa mpiga fumbo.

Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, huko Bronx, Amadou Diallo alikuwa amesimama mlangoni kwake. Kijana kutoka Guinea, mchuuzi wa bidhaa ndogondogo, mhamiaji kama sisi. Polisi wanne waliovaa kiraia walikuwa wakimtafuta mbakaji. Waliona mtu mweusi anaingiza mkono mfukoni. Risasi 41, zikampata 19. Alichokuwa akitoa ni pochi. Polisi wote wanne waliachiliwa na mahakama. Hakuna aliyemuuliza kwanza ametoka nchi gani.

Ninyi vijana wenye simu mkononi, mnaowatafsiria wazazi wenu video za kampeni sebuleni: kazi ninayoifanya mahakamani na kulipwa, nyinyi mnaifanya bure. Mkitafsiri "huyu ni hatari", msiishie hapo. Mwambieni mama huyu aliamua nini, kesi ngapi, na mpinzani wake aliamua nini kwenye jambo hilohilo. Kama tangazo halisemi, mwambieni halisemi. Na kama mkipekua mkakuta kweli kiongozi yule amefanya uzembe, mwambieni hivyo pia, hata awe mweusi, hata awe jirani yetu.

Bibi alinipa ile karatasi yake. Ninayo hapa, imekunjika kidogo kwa ajili ya kitenge. Najua wengi wenu mmekuja na zenu, maana niliomba mje nazo na sanduku la barua halimnyimi mtu. Zile meza mbili ziunganishwe pale katikati. Wazee wakae upande wa dirishani kwenye mwanga, kila mzee na kijana wake mmoja wa kumsomea, kalamu ziko kwenye kikombe. Tutaanza na ya Bibi.